Ukoko wa Yoichi

Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya mkaa au kuni hahitaji kuelezwa ukoko. Mchele ni ule ule na nazi ni ile ile, lakini wali wa jiko la umeme hutoka mweupe, umeiva sawasawa kila upande. Wali uliopikwa motoni na kupaliwa makaa juu hushika chini safu ngumu ya rangi ya kahawia, na harufu ya safu hiyo hupanda hadi punje za juu kabisa. Watoto huigombania. Naanzia jikoni kwa sababu sijapata njia fupi zaidi ya kueleza ladha ya wiski ya Yoichi, mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako hadi leo mitungi ya shaba hupikiwa moto wa makaa ya mawe, na makaa hayo hutiwa na mtu mwenye koleo mkononi.

Msomaji asiyegusa pombe asiondoke. Ninalozungumzia ni ufundi, na namna ufundi unavyorithiwa au kupotea, jambo ambalo linamhusu fundi wa jahazi Lamu sawasawa na mpika wiski wa Japani.

Wiski ya Kijapani imezoeleka kusimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema Wajapani waliiga tu kazi ya Waskoti, ila kwa umakini mkubwa. Wapo wanaosema waliichukua wakailainisha, wakaitia utulivu wa nchi yao na maji ya milima yao, mpaka ikawa kinywaji cha upole. Yoichi haikai katika simulizi yoyote kati ya hizo. Wiski yake ni nzito, ina moshi, na kwa mbali inanukia bahari. Tena inatengenezwa kwa njia ambayo Uskoti wenyewe wameiacha: kiwanda cha GlenDronach, cha mwisho kule kupikia makaa ya mawe, kiliachana nayo mwaka 2005 kikahamia kwenye mvuke. Kwa maoni yangu, urithi wa Yoichi uko hapo hasa. Mwanafunzi amelishika somo hata baada ya shule kulifuta.

Mwanafunzi huyo aliitwa Masataka Taketsuru. Alizaliwa mwaka 1894 huko Takehara, karibu na Hiroshima, katika ukoo uliokuwa ukitengeneza sake, pombe ya mchele, tangu mwaka 1733. Alikulia kwenye harufu ya chachu. Akasomea uchachushaji Osaka, akaajiriwa na kampuni ya Settsu Shuzo, iliyokuwa ikitengeneza vileo vya mtindo wa Kizungu kwa kuchanganya spiriti na rangi na viungo. Kiichiro Iwai, mkubwa wake kazini, alimwamini, na mwaka 1918 kampuni ikampeleka Uskoti akajifunze wiski ya kweli inatengenezwaje.

Alisoma Glasgow, lakini haraka aliona kwamba vitabu havitoshi. Mwaka 1919 akapata nafasi ya siku chache kwenye kiwanda cha Longmorn, kaskazini mwa Uskoti, kisha akaenda Bo'ness kutazama wiski ya nafaka inavyopikwa kwenye mtambo mrefu wa Coffey. Mwaka 1920 alikaa miezi kadhaa katika kiwanda cha Hazelburn, mjini Campbeltown. Inasimuliwa kwamba alijitolea kuingia ndani ya mtungi kuusugua, kazi ambayo wengi waliikwepa, ili auone umbo lake kutoka ndani. Jioni aliandika. Alichora mitungi, akapima, akanakili saa za kazi na mishahara ya vibarua. Daftari hilo ndilo alilorudi nalo kwa Iwai.

Miaka mingi baadaye kiongozi mmoja wa Uingereza aliyezuru Japani alitania kwamba kijana mmoja alikuja na kalamu na daftari akaiba siri ya wiski yao. Mzaha huo umerudiwa mno, hadi watu wengi wanauchukua kuwa historia. Mimi siukubali hata kama mzaha. Taketsuru alibisha hodi, akaomba, akafunguliwa. Meneja wa Hazelburn, Peter Innes, alimpokea na kumwonyesha kila hatua. Anayefundishwa na mwenye kazi, mchana kweupe, hajaiba kitu.

Tena Campbeltown ya wakati ule ilikuwa mji unaozama. Ulikuwa umejaa viwanda vya wiski nzito, yenye mafuta na moshi, iliyopendwa na wachanganyaji wa karne ya 19. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ladha za watu zikageuka, Marekani ikapiga marufuku pombe, na viwanda vya mji huo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Hazelburn yenyewe ilikoma mwaka 1925. Leo jina hilo linatumiwa na kiwanda jirani cha Springbank kwa wiski yake nyepesi, isiyo na moshi, inayokenekwa, yaani kugeuzwa mvuke na kupozwa tena, mara tatu. Kwa hiyo aliyetaka kujua uzito wa Campbeltown ulikwenda wapi, asitazame jina kwenye chupa, atazame daftari la kijana wa Takehara.

Hapa sina budi kumtaja Jessie Roberta Cowan, aliyeitwa Rita, binti wa daktari wa Kirkintilloch. Masataka aliingia nyumbani kwao kumfundisha judo mdogo wa kiume wa Rita. Walifunga ndoa Januari 1920 mbele ya msajili, bila baraka za familia zote mbili, na mwishoni mwa mwaka huo wakaondoka pamoja kwenda Japani. Wengi humweka Rita kwenye hadithi kama pambo la mapenzi. Huko ni kumpunja. Alifundisha Kiingereza na piano Osaka wakati mume hana kazi ya maana, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mke wa Shotaro Kaga, tajiri ambaye baadaye aliweka fedha zake kwenye kiwanda cha Yoichi. Mtaji wa kiwanda kile, kwa sehemu, ulipitia kwenye masomo ya Rita.

Settsu walikuwa wamekwama. Mdororo wa uchumi baada ya vita uliwaondolea hamu ya wiski, daftari likawekwa pembeni, na Taketsuru akaishia kufundisha kemia shuleni. Aliyemtoa huko ni Shinjiro Torii, mfanyabiashara wa Osaka aliyeanzisha kampuni ambayo leo inaitwa Suntory. Mwaka 1923 walikubaliana mkataba wa miaka 10, na mwishoni mwa 1924 kiwanda cha Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka, kikaanza kukeneka wiski.

Wiski yao ya kwanza, Shirofuda, iliingia sokoni mwaka 1929 na wateja wakaikunjia uso. Ilinuka moshi. Waliozoea sake waliona kama kitu kilichoungua. Hapo ndipo njia za wanaume hawa wawili zilipoanza kuachana, na sioni sababu ya kumfanya mmoja shujaa na mwingine mchuuzi. Torii alikuwa amehatarisha mali yake yote. Alitaka wiski itakayokaa vizuri kwenye kinywa cha Mjapani na kwenye meza ya Kijapani. Taketsuru alitaka wiski ambayo Innes angeionja akaitambua. Hata mahali pa kujenga hawakukubaliana: Torii alitaka karibu na soko na njia ya reli, Taketsuru alitaka kaskazini, kwenye baridi. Mkataba ulipokwisha mwaka 1934, Taketsuru, akiwa na umri wa miaka 40, akaenda zake Hokkaido.

Yoichi ilichaguliwa kwa akili kabisa. Jina lenyewe ni la Kiainu, lugha ya wenyeji wa kisiwa hicho kabla serikali ya Japani haijakijaza walowezi. Mji umezungukwa na milima pande tatu, upande wa nne ni bahari, na mto unapita katikati. Hewa ni ya baridi na yenye unyevu, kiasi kwamba pipa la mwaloni halikauki upesi. Hokkaido ilikuwa na shayiri na makaa ya mawe, na kwenye uwanda wa Ishikari kulikuwa na piti, ile mboji nyeusi ya mabwawani inayokatwa vipande, ikaanikwa, ikachomwa kama kuni. Wasomaji wa Rwanda wanaijua kwa jina la nyiramugengeri, na kwao inazalisha umeme. Kwenye wiski kazi yake ni moshi: shayiri ikishachipua na kuwa kimea, hukaushwa juu ya moto wa piti na kuunywa ule moshi.

Na kulikuwa na matofaa. Walowezi wa ukoo wa Aizu, waliokuwa samurai kabla ya kushindwa vitani, waliyapanda Yoichi tangu miaka ya 1870. Wiski inataka miaka kadhaa ndani ya pipa kabla haijaingiza hata senti, kwa hiyo Taketsuru aliandikisha kampuni ya juisi: Dai Nippon Kaju, yaani kampuni kuu ya juisi za matunda ya Japani. Juisi yake haikuuzika vizuri. Ilikuwa tunda tupu, na bei yake ilikuwa juu kuliko vinywaji vitamu vilivyozoeleka. Lakini iliwaweka wakulima upande wake na kukishikilia kiwanda. Mwaka 1936 mtungi wa kwanza ukawashwa, na mwaka 1940 chupa za kwanza zikatoka zikiwa na jina lililofupishwa kutoka Nippon Kaju: Nikka.

Kuhusu vita, nitasema kwa ufupi na bila kupamba. Mwaka mmoja baada ya chupa hizo Japani ilikuwa vitani na Marekani na Uingereza, na jeshi la majini la kifalme likakiweka kiwanda chini yake. Maofisa walitaka wiski, hivyo shayiri ilikuja wakati watu wanagawiwa chakula kwa vipimo. Yoichi ilisalimika kwa sababu ya vita. Wakati huo huo mke wa mwenye kiwanda, kwa kuwa alizaliwa Uskoti, alitazamwa kama jasusi, akifuatiliwa na kupekuliwa. Anayeisimulia Yoichi kama hadithi ya mapenzi na theluji bila kuitaja miaka hiyo anaacha nusu ya uchungu wake.

Sasa tuingie ndani.

Kimea kilichosagwa hulowekwa kwenye maji ya moto, na yanayochujwa ni maji matamu, mfano wa togwa changa. Hutiwa hamira, yakachachuka kwa siku kadhaa, yakawa pombe ya shayiri isiyo kali. Hadi hapo hakuna la kumshangaza mama yeyote wa Kihaya au Kichaga. Kisha pombe hiyo huingia kwenye mtungi wa shaba, huchemshwa, mvuke wake hupanda, hupozwa, ukawa kioevu kikali. Waliowahi kuona gongo au chang'aa ikipikwa wanaijua kanuni hiyo. Kinachotofautisha ni usahihi, usafi na subira.

Jengo la mitungi la Yoichi ni la mawe, na ndani yake shaba imetiwa weusi na moshi. Kwenye shingo za mitungi zimefungwa kamba nene za majani ya mpunga, zinaning'inia karatasi nyeupe zilizokunjwa pembe pembe. Ni kamba za Shinto, dini ya jadi ya Japani, zinazoonyesha mahali patakatifu, na ni desturi ya nyumba za sake. Mwana wa wapika sake aliyekwenda Uskoti akarudi na elimu ya mtungi, akaufunga mtungi huo kamba ya kwao. Napenda kuliangalia jambo hili kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu linajibu wanaosema Yoichi ni nakala. Hakubadilisha umbo la mtungi ili uonekane wa Kijapani. Aliuacha ulivyo, akaupa heshima kwa lugha ya nyumbani kwake.

Chini ya mitungi kuna milango midogo ya chuma. Mpika moto anaifungua, mwanga wa rangi ya chungwa unamwagika sakafuni, anapima kwa macho, anatupia koleo la makaa upande unaohitaji, anafunga. Baada ya dakika 7 au 8 hivi anarudi. Tanuri likishika vizuri joto lake hupita nyuzi 1,000, na moto wa makaa hauna kitufe: ukizidi, pombe inafura na kupanda shingoni, ukipungua, mvuke unalegea. Mvuke wa bomba, unaotumiwa na karibu viwanda vyote duniani, unaipasha pombe joto kwa utaratibu na kwa kiasi kilichopangwa. Moto wa makaa unaigusa sehemu ya chini ya shaba kwa ukali, na chembe za shayiri na hamira zilizobaki ndani hushika pale chini, zikakaangika kidogo. Huo ndio ukoko. Harufu ya mkate uliokauka motoni, ya karanga na ya nafaka iliyokaangwa hupanda pamoja na mvuke, na hakuna bomba la mvuke linaloitoa kwa namna hiyo.

Umbo la mtungi linaisaidia kazi ya moto. Shingo imenyooka, haina uvimbe wa kuurudisha mvuke mzito chini, na mkono wa shaba unaoutoa mvuke nje umeinama kuelekea chini. Harufu nzito zinazopanda hazipati nafasi ya kurudi mtungini, zinapita. Kioevu kinachotoka kina mwili, kina mafuta, kinakaa mdomoni. Kisha kinaingia kwenye mapipa ya mwaloni ndani ya maghala ya chini, yasiyo na ghorofa, yenye sakafu ya udongo, na kinalala humo miaka huku nje theluji inajaa na kuyeyuka.

Ukiinusa kwenye glasi, kinachotangulia ni moshi, lakini haufanani na moshi wa dawa ya hospitali wa wiski za kisiwa cha Islay, Uskoti. Uko karibu zaidi na ule uliokaa miaka kwenye kuta za jiko la kuni. Nyuma yake kuna tofaa lililoiva sana, ngozi ya viatu vipya, na chumvi kidogo mwishoni. Ukiongeza tone la maji, ule ukoko unajitokeza. Nakiri kwamba si kila mtu ataipenda, na wala haikutengenezwa impendeze kila mtu.

Hapo kuna swali ambalo wachambuzi wengi wa wiski hulipita haraka: kampuni inawezaje kuendelea na njia ya gharama na ya kuchosha kiasi hicho, huku soko likitaka wepesi? Wengi hujibu kwa kusifu tabia ya Wajapani ya kuheshimu mila. Jibu hilo silikubali, maana viwanda vingi vya Japani vimeacha mila zao pale hesabu zilipodai. Jibu langu ni Miyagikyo.

Uskoti, viwanda vyenye wamiliki tofauti hubadilishana mapipa. Mchanganyaji akihitaji moshi anaupata kwa jirani, akihitaji tunda anamtafuta mwingine. Japani makampuni makubwa yalikuwa mahasimu na hayakuzoea kubadilishana kitu. Kila moja lililazimika kutengeneza ladha zote lenyewe. Ndiyo maana mwaka 1969 Taketsuru, akiwa mzee, alifungua kiwanda cha pili, hicho Miyagikyo, karibu na mji wa Sendai, kwenye bonde ambako mito miwili inakutana. Inasimuliwa kwamba alipofika hapo mara ya kwanza alichota maji ya mto, akayachanganya na wiski yake, akaonja, akasema ni hapa. Mto huo ulikuwa ukiitwa Nikkawa kabla hajafika, jambo ambalo hata mwandishi wa tamthilia angeogopa kulibuni. Miyagikyo ilipewa mitungi yenye uvimbe shingoni na mikono inayopanda juu, ikapewa mvuke wa taratibu. Wiski yake ni nyepesi, ya maua na matunda.

Kwa kuwa Miyagikyo ilibeba upole, Yoichi iliruhusiwa kubaki kali. Hilo naliona kuwa uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya Nikka, mkubwa kuliko hata ule wa kuhamia Hokkaido, na hauzungumzwi inavyostahili. Kiwanda kimoja kikilazimishwa kumpendeza kila mnywaji, hatimaye moto wake utapunguzwa, halafu utazimwa. Taketsuru alimlinda mtoto wake mkali kwa kumzalia ndugu mpole.

Dunia ilichelewa kuijua Yoichi. Mwaka 2001 wiski yake ya miaka 10, kutoka pipa moja, iliibuka juu ya nyingine zote katika mashindano ya jarida la Whisky Magazine la Uingereza. Mwaka 2008 ile ya miaka 20, iliyokenekwa 1987, ikashinda katika World Whiskies Awards, ikizipita za Uskoti. Taketsuru hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1979. Rita alikuwa ametangulia mwaka 1961, na wote wawili wamezikwa kwenye kilima cha Yoichi.

Sifa zikaleta njaa. Soko la wiski ndani ya Japani lilikuwa limeporomoka tangu katikati ya miaka ya 1980, viwanda vikakeneka kidogo, na wateja waliporudi kwa kishindo maghala hayakuwa na akiba ya kutosha. Huwezi kutengeneza wiski ya miaka 15 kwa haraka. Mwaka 2015 Nikka waliziondoa sokoni chupa za Yoichi zenye umri, wakabaki na moja isiyotaja umri. Mwaka huo huo ilikuwa inamalizika tamthilia ya televisheni ya NHK iliyotokana na maisha ya Masataka na Rita, na mji mdogo ukafurika wageni. Yoichi ya miaka 10 ilirudi 2022, kwa kiasi kidogo. Kati ya hapo wafanyabiashara wa mnada walizigeuza chupa za zamani kuwa kitu cha kuweka kabatini kikipanda bei. Nasikitika kila nikiona hivyo. Wiski iliyopikwa kwa jasho la mpika moto haikupikwa ili isifunguliwe.

Na njaa ikaleta udanganyifu. Kwa miaka mingi sheria za Japani zilikuwa legevu mno: mtu aliweza kuagiza wiski kwa mapipa kutoka nje, akaitia kwenye chupa Japani, akabandika maandishi mazuri ya Kijapani, akaiuza kama ya Japani. Mwaka 2021 chama cha watengenezaji wenyewe kilitoa kanuni: wiski ichachushwe, ikenekwe na ikomazwe Japani kwa maji ya Japani, isipungue miaka mitatu ndani ya pipa la mbao, na itiwe chupani huko huko. Wanachama walipewa hadi mwisho wa Machi 2024 kusahihisha lebo zao. Ni kanuni za chama na zinawabana wanachama, kwa hiyo asiye mwanachama bado ana mlango wa nyuma.

Nikka wenyewe hawakuwa nje ya jambo hili. Tangu 1989 wanamiliki kiwanda cha Ben Nevis huko Uskoti, na baadhi ya michanganyiko yao maarufu, ikiwamo From the Barrel, haitimizi masharti yote ya kuitwa wiski ya Kijapani. Walilitangaza wao wenyewe hadharani, bidhaa kwa bidhaa. Ninawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyowaheshimu kwa medali. Anayenunua chupa iliyoandikwa Yoichi, wiski ya kimea kutoka kiwanda kimoja, anapata kilichokenekwa Yoichi.

Lakini nikiwaheshimu sitawafichia. Majengo ya Yoichi yenye paa jekundu yamesajiliwa na serikali kuwa mali muhimu ya utamaduni mwaka 2022, yakiwamo majengo ya kukaushia kimea. Kimea chenyewe sasa karibu chote kinaagizwa kutoka nje, kikiwa kimekwisha kukaushwa. Ile piti ya Ishikari, iliyokuwa sehemu ya sababu za kuichagua Hokkaido, haimo tena kwenye kazi ya kila siku. Jiwe limehifadhiwa, moshi wa nyumbani umekwenda. Naelewa gharama, viwanda vingi vya Uskoti vimefanya hivyo hivyo. Hata hivyo mgeni anayesimama chini ya jengo la kukaushia na kuelezwa urithi anastahili kuambiwa pia kwamba shayiri inatoka mbali.

Na makaa ya mawe yana kesi ya kujibu katika zama hizi za joto la dunia. Siwezi kulipuuza hilo huku nikisifu moto. Kiwanda kimoja hakiwezi kulinganishwa na mitambo ya umeme, lakini hoja ya "sisi ni wadogo" kila mtu anaweza kuitumia. Ninachoweza kusema ni kwamba siku Yoichi watakapobadilisha moto, kama watabadilisha, watakuwa wamebadilisha wiski yenyewe, na uaminifu walioonyesha kwenye lebo za michanganyiko yao utahitajika zaidi siku hiyo. Mnywaji aambiwe mwaka gani makaa yalikoma, kama anavyoambiwa umri wa pipa.

Hadi hapo, ninachokitazama mimi ni koleo. Daftari la Taketsuru lilibeba mengi: vipimo vya mitungi, saa, mishahara, michoro. Halikuweza kubeba sauti ya tanuri linapokaribia kuzidi, wala rangi ya mwali inayomwambia mpika moto atupie kushoto na si kulia. Hayo anafundishwa kijana kwa kusimamishwa kando ya anayejua, mbele ya mlango wa chuma, zamu baada ya zamu, mpaka siku mkubwa wake anamwachia koleo na kurudi nyuma hatua mbili.